Paka Wako Amekutwa na Kisukari: Maandalizi ya Nyumbani Kabla ya Sindano ya Kwanza

Leo tunaweka pembeni mpunga na kuku. Nimepata swali ambalo wengine watalicheka. Kijana mmoja hapa Magole, anayenunua mahindi wakati wa mavuno na kuyahifadhi hadi bei ipande, paka wake wa ghalani amepimwa Morogoro mjini na kukutwa na kisukari. Daktari kasema achomwe insulini mara mbili kwa siku. Akaniuliza: "Mtaalamu, hii kitu inawezekana huku kwetu, au nimwache tu?"

Inawezekana. Ila siyo kwa kila mtu, na kazi kubwa ipo kabla ya sindano ya kwanza.

Wanaocheka wajue kwanza paka huyu ana kazi gani. Hapa kwetu panya shamba hamalizi mbegu shambani tu, anafuata gunia mpaka stoo. Wataalamu wa SUA pale Morogoro wamemtafiti panya huyu kwa miaka mingi kwa sababu ya hasara anayoleta kwenye mahindi. Paka mwindaji mzuri ni mlinzi asiyelipwa mshahara, na watoto nyumbani wamemzoea. Kwa hiyo swali la kijana yule ni la hela na ni la moyo pia.

Niseme mapema: mimi ni afisa ugani, siyo daktari wa wanyama. Aina ya insulini na kipimo chake anapanga daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Mimi nakueleza ya nyumbani.

Hakikisha kwanza ni kisukari kweli

Dalili zinazojulikana: paka anakunywa maji kupita kawaida, anakojoa sana, anakula vizuri lakini anakonda. Wengine wamegundua kwa sisimizi kujaa pale paka alipokojoa. Ugonjwa ukikaa muda mrefu mishipa ya fahamu ya miguu ya nyuma inadhoofika, paka anatembea akikanyagia visigino, kama anakaa huku anatembea. Wanaopata zaidi ni wenye umri mkubwa, wanene, na madume waliohasiwa. Pia waliowahi kuchomwa dawa za steroidi mara kwa mara, au kupewa homoni za kuzuia uzazi. Mwambie daktari kila sindano ambayo paka wako amewahi kupata, hata ile aliyochomwa na jirani.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Paka akiogopa, sukari yake inapanda yenyewe, hata kama ni mzima. Sasa fikiria paka aliyefungwa kwenye kikapu, akapakiwa bodaboda hadi Dumila, akapanda basi mpaka mjini, kisha akashikwa na watu wasiomjua. Kipima sukari kinaweza kusoma zaidi ya 15 na paka hana kisukari. Kwa hiyo kusomwa mara moja hakutoshi. Daktari anaangalia dalili, anapima sukari kwenye mkojo, na pakiwa na shaka anaagiza kipimo cha fruktosamini, ambacho kinaonesha hali ya sukari ya wiki mbili tatu zilizopita. Uliza kama hayo yamefanyika. Kumchoma insulini paka asiye na kisukari ni kumuua.

Kinachoua haraka ni sukari kushuka

Watu wanaogopa sukari ya juu, na ni kweli, ikikaa wiki na miezi inamaliza mnyama. Lakini sukari ya chini inamuua paka ndani ya saa chache, mchana huohuo ukiwa shambani. Ndiyo maana maandalizi yote ninayoandika hapa yanafuata kanuni moja: ukiwa na shaka, usichome. Kuruka sindano moja, paka atakunywa maji mengi na kukojoa. Kuchoma mara mbili kwa bahati mbaya, unaweza kumkuta amekauka.

Bomba la sindano: hapa ndipo wafugaji tunapokosea

Sisi tumezoea mabomba ya mililita 10 na 20. Ng'ombe tunamchoma kwa mililita, ukizidisha kidogo hakuna tatizo kubwa. Ondoa mazoea hayo kabisa. Insulini nyingi za binadamu zilizopo kwenye maduka yetu ya dawa zina uniti 100 katika mililita moja. Paka wengi huanzishiwa uniti 1 tu kila baada ya saa 12, wengine hata nusu. Uniti 1 ni sehemu ya mia ya mililita. Tone moja la maji ni kama uniti 5. Umeelewa hapo? Tone moja lililozidi ni dozi ya siku mbili na nusu imeingia kwa mkupuo.

Kwa hiyo tafuta bomba la insulini lenyewe, lile dogo lenye mistari ya uniti. La mililita 0.3 ndilo zuri zaidi maana mistari yake imeachana na macho yanaona. Mengine yana mistari ya nusu uniti, ukiyapata chukua hayo.

Halafu kuna mtego. Insulini nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama ina uniti 40 kwa mililita, na ina mabomba yake yenye maandishi U-40. Ile ya uniti 100 ina mabomba ya U-100. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la U-40 hadi mstari wa uniti 1, umevuta uniti mbili na nusu. Soma chupa, soma bomba, namba zifanane. Zisipofanana, rudi dukani, usijaribu kupiga hesabu kichwani saa moja asubuhi vibarua wanakusubiri.

Tena usichukue insulini ya bibi iliyoko kwenye friji. Najua kaya nyingi zina mtu mwenye kisukari, na chupa zinafanana. Lakini zipo za kufanya kazi haraka, zipo za taratibu, zipo zilizochanganywa, na baadhi hazimfai paka kwa sababu nguvu yake inakwisha mapema mwilini mwake. Wengi wa paka hutumia ya taratibu kama glargine, ila daktari ndiye anayetaja. Vidonge vya sukari vya bibi pia viache, na majani ya mlonge au mwarobaini hayachukui nafasi ya insulini.

Hesabu ya matumizi, maana nyie ni wafanyabiashara: paka wa uniti 1 mara mbili kwa siku anatumia uniti 60 kwa mwezi. Chupa ya mililita 10 ina uniti 1,000. Kwa hiyo utamwaga sehemu kubwa kabla hujaimaliza, kwa sababu ikishafunguliwa ina muda wake. Peni au katriji ya mililita 3 ina uniti 300, mara nyingi inatoka nafuu zaidi hata kama bei ya mililita moja ni kubwa. Mabomba ni 60 kwa mwezi, kila moja litumike mara moja, sindano ikirudiwa inakuwa butu na paka ataanza kukukimbia. Kabla hujakubali matibabu, ulizia bei ya vitu hivi kwenye maduka mawili matatu ya Morogoro, jumlisha na kipima sukari, vijiti vyake, nauli na chakula. Andika kwa mwezi, zidisha kwa 12. Ukiona haiwezekani, mwambie daktari bila aibu. Kuna njia nyingine za kujaribu, na kama hakuna, kumlaza mnyama bila maumivu ni bora kuliko kuanza na kuacha katikati.

Kutunza insulini kwenye joto la Kilosa

Chupa ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye friji, nyuzijoto 2 hadi 8. Iweke rafu ya katikati, siyo kwenye friza na siyo kugusa ukuta wa nyuma ambako barafu inajenga. Insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Usiiache kwenye gari, wala dirishani.

Sasa umeme ukikatika siku mbili? Usihangaike sana. Mwaka 2021 madaktari wa MSF pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa utafiti uliofuata joto halisi la nyumba za wakimbizi wa Dagahaley, kule Dadaab, kaskazini mwa Kenya, ambako nyuzijoto zilicheza kati ya 25 na 37. Insulini za binadamu walizozipima zilibaki na nguvu yake kwa wiki nne za joto hilo. Hii haina maana utupe friji. Ina maana ukikosa umeme siku chache, dawa uliyofungua haijafa, mradi haijapigwa na jua.

Asiye na friji kabisa anaweza kutumia mtungi wa udongo. Weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, mwagia maji asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Dawa iwe ndani ya kopo lenye mfuniko isilowane. Hautafika nyuzi 8, lakini utapunguza joto la chumba vizuri. Masika yakianza na hewa ikijaa unyevu mtungi unapoa kidogo tu, hilo lijue. Andika tarehe ya kufungua kwenye chupa kwa kalamu isiyofutika, na muulize daktari itupwe baada ya muda gani kwa utunzaji wako. Glargine ni angavu kama maji, ukiona ukungu au vipande, tupa.

Na usikae na chupa moja tu. Wanaokumbuka Januari 2014, mafuriko yalivyoingia Magole na barabara ya Morogoro–Dodoma ikakatika hapo Dumila, wanajua nini kinatokea unapotegemea basi la kesho. Kabla ya mvua kubwa uwe na chupa ya akiba na mabomba ya mwezi mzima.

Paka wa shamba lazima arudi nyumbani

Ushauri mwingi wa paka wenye kisukari umeandikwa kwa paka anayelala kwenye kochi. Wa kwetu anatoka jioni, anarudi anapojisikia. Hilo halitawezekana tena, angalau miezi ya mwanzo. Insulini inataka saa 12 kwa saa 12. Chagua saa 1 asubuhi na saa 1 jioni, au saa yoyote ambayo hata msimu wa kupalilia utakuwepo. Ukichelewa saa moja si neno, lakini usiruke ovyo. Paka aliyechomwa kisha akapotea kichakani siku nzima, sukari ikimshuka huko nani atamwona?

Mtengee chumba. Stoo yenyewe inafaa kama ina wavu madirishani, na ataendelea na kazi yake ya panya. Ila hapo ndani pasiwe na sumu ya panya hata chembe, wala dawa ya kuhifadhi nafaka inayotoa gesi. Kwanza ni kwa usalama wake. Pili, paka aliyekula panya mwenye sumu anaweza kutetemeka na kupata degedege, na wewe utadhani ni sukari. Weka beseni la mchanga ili uone anakojoa kiasi gani, na chombo cha maji ulichopima. Panya mmoja akikamatwa si tatizo, ni nyama.

Sindano yenyewe na wanaochoma

Fanya mazoezi kwenye chungwa kwa maji safi, siku mbili kabla. Mpe chakula kwanza, akianza kula, inua ngozi ya ubavuni au nyuma ya bega iwe kama hema ndogo, ingiza sindano chini yake, sukuma, toa. Insulini inaingia chini ya ngozi, siyo kwenye msuli. Wengi hawashituki kabisa wakiwa wanakula. Badilisha mahali kila siku. Ukiona manyoya yamelowa, dawa imemwagika, na hujui imeingia kiasi gani: usirudie. Subiri saa 12.

Akigoma kula kabisa, usichome, mpigie daktari. Akigoma kula huku anatapika, amelegea, na pumzi ina harufu ya ajabu, hiyo ni dharura nyingine, sukari ya juu imemletea tindikali kwenye damu, twende hospitali ya wanyama leoleo.

Wawe watu wawili wanaojua kuchoma, basi. Weka kalenda ukutani na kalamu imefungwa kwa uzi. Aliyechoma anatia alama na herufi ya jina lake papo hapo, kabla hajanawa mikono. Nimesisitiza hili kwa sababu baba anachoma saa 1, mama anarudi kutoka sokoni saa 1 na nusu anachoma tena kwa nia njema. Hakuna alama, hakuna kubishana: ulizaneni kwa simu, na mkikosa jibu hesabuni ameshachomwa.

Sindano zilizotumika ziingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye mfuniko, ikijaa peleka kituo cha afya wakusaidie kuziteketeza. Zisitupwe jalalani, kuku na watoto wanachakura.

Chakula

Paka ni mla nyama. Ugali na mchuzi tunaompa unajaza wanga ambao mwili wake hauuhitaji, na kwa mwenye kisukari ndiyo mzigo. Lengo ni kupunguza wanga na kuongeza nyama na samaki: dagaa wasio na chumvi walioloweshwa na kuchemshwa, samaki aliyepikwa na kutolewa miba mikubwa, kuku, mayai yaliyochemshwa, moyo wa ng'ombe. Maini kidogo tu kwa wiki. Kitunguu na kitunguu saumu vinaharibu damu ya paka, kwa hiyo mboga yenu ya mezani haimfai. Nyama tupu bila dagaa wala kitu chenye mifupa laini itampunguzia kalsiamu, changanya. Ukimudu chakula cha kopo chenye nyama nyingi, vizuri.

Lakini usibadilishe ghafla. Ukitoa ugali leo na insulini ikabaki ileile, sukari itaanguka. Mwambie daktari kwanza, badilisha taratibu kwa wiki moja au mbili, huku mnapima. Akiwa mnene kupita kiasi, apunguzwe polepole. Paka aliyeshindishwa njaa ini lake linajaa mafuta na anakufa.

Kikombe cha asali mlangoni

Kabla ya sindano ya kwanza, asali iwe imeshawekwa mahali ambapo hata mtoto wa darasa la tatu anapajua. Kama huna asali, sukari iliyokorogwa kwenye maji kidogo inatosha.

Dalili za sukari kushuka: anayumba kama mlevi, anatetemeka, anajificha au analia bila sababu, macho yanazubaa, ghafla anataka chakula sana au anakikataa, mwisho degedege na kuzimia. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, mpe chakula hapohapo. Akishindwa, pakaza asali kwenye fizi zake kwa kidole. Akiwa kwenye degedege usimimine kitu kinywani, atapaliwa, wala usiingize kidole katikati ya meno. Pakaza kidogo upande wa nje wa fizi tu, na simu kwa daktari iwe inaita. Akizinduka alishwe, asichomwe sindano inayofuata, na daktari aambiwe siku hiyohiyo, kwa sababu inaweza kushuka tena.

Kipima sukari cha binadamu kinafanya kazi kwa paka, damu inachukuliwa pembeni mwa sikio baada ya kulipasha moto kwa kitambaa cha uvuguvugu. Vingi vya binadamu husoma chini kidogo kuliko hali halisi ya paka. Hata hivyo, kikisoma chini ya 3.5 chukulia ni hatari, usisubiri dalili. Muulize daktari akupe namba yake ya kusimamisha sindano, iandike juu ya kalenda. Kwa yule anayetetemeka na huna uhakika ni sumu au sukari, kipimo hiki ndicho kitakachokujibu.

Wiki za mwanzo

Daftari lina safu chache tu: saa, sukari kama umepima, amekula kiasi gani, maji amekunywa mililita ngapi. Uzito kila wiki, mpime kwenye mizani ya mazao ukiwa umemweka ndani ya ndoo, halafu toa uzito wa ndoo. Maji yakipungua na uzito ukirudi, dawa inafanya kazi hata kama namba za sukari zinapanda na kushuka. Usiongeze dozi mwenyewe kwa sababu jana ilisoma 18. Dozi inabadilishwa na daktari, baada ya siku kadhaa za kumbukumbu, kwa nusu uniti au uniti moja. Rudi kwake baada ya wiki moja au mbili na daftari lako, au mtumie picha za kurasa kama mmekubaliana hivyo.

Kuna habari ambayo inafanya hesabu zako zibadilike. Tofauti na mbwa, paka kadhaa waliotibiwa mapema na kupunguziwa wanga huacha kuhitaji insulini baada ya wiki au miezi, kongosho linapopumzika. Hatujui nani atabahatika. Lakini ndiyo maana namba zikianza kushuka zenyewe hadi za kawaida, usiseme "dawa imemkubali" ukaendelea kuchoma tu. Huenda anapona, na dozi ya jana sasa ni nyingi. Piga simu siku hiyo. Daktari akisimamisha sindano, chakula kinabaki hichohicho, na sukari inapimwa angalau mara moja kwa wiki kwa miezi kadhaa, maana kisukari cha paka kinaweza kurudi, hasa akichomwa tena steroidi au akirudishiwa ugali.